Miche ya Mama Mmoja

Miche yote ya mikindu iliyopandwa upande wa ukame ilikufa. Haikufa mmoja mmoja kama wagonjwa. Ilikufa kwa pamoja, kama ndugu waliokula sumu kwenye sinia moja. Aliyeiua ni nyapara wa kitalu. Aliyebebeshwa lawama ni shemeji yake, yule aliyekusanya mbegu.

Nyapara huyo watu walimwita Ng'oa, na jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua. Kila asubuhi alipita katikati ya matuta, mikono nyuma, akikagua miche iliyopangwa kwenye viriba vyeusi vya plastiki. Akiona mche umechelewa au umelegea, aliugusa kwa ncha ya buti na kusema neno moja: "Ng'oa." Wafanyakazi waling'oa. Hakuuliza umechelewa kwa nini. Hakuna mche uliowahi kukata rufaa.

"Kitalu kinasomwa kutoka barabarani," aliwaambia waliokuja kazini wapya. "Mkubwa hashuki kwenye gari. Anapunguza mwendo, anatupia jicho mstari wa kwanza, anaenda zake. Ukiweka mche mmoja uliokonda, ndio huo atakaolala nao kichwani."

Alikuwa ameanza hapo akibeba maji kwa ndoo. Shule aliikimbia mapema, na cheti hakuwa nacho hata cha kufungia karanga, lakini kazi aliijua. Alichopanda kilishika. Alizoea kitu kinachoota haraka, mpaka akaona kila kinachochelewa ni kitu kilichomkosea yeye binafsi.

Mkewe alitoka upande wa ukame, kwenye msitu wa miiba ambako mvua huja kama mtu anayelipa deni, kwa kuchelewa na pungufu. Kazi ya watu wa huko ilikuwa kusuka mikeka ya ukindu. Siku Ng'oa alipokwenda kujieleza kwa wakwe, mama mkwe hakuinua hata macho kutoka kwenye ukili aliokuwa akisuka.

"Kijana," alimuuliza, "nasikia unamwagilia miti ya watu. Wewe mwenyewe una mti gani?"

Ua zima likaangua kicheko. Binti akapewa, ndoa ikapita, watoto wawili wakazaliwa. Lakini swali lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, miaka nenda miaka rudi, na kila alipokwenda ukweni alilimeza upya.

Sasa mikindu ya huko ilikuwa inakwisha. Ukindu mzuri hutoka kwenye jani changa la katikati, lile ambalo bado limefumba. Ukikata moja ukaacha, mti unatoa jingine. Ukikata kila linapochomoza, unaukaba koo. Wasukaji walikuwa wengi na majani machache, wakaukaba. Vilibaki vichaka thelathini na kimoja kwenye msitu mzima, na kutoka kimoja hadi kingine ulitembea mpaka ukajuta.

Hapo ndipo alipokuja Daktari. Hakuwa daktari wa watu, alikuwa mtaalamu wa mimea wa mradi wa kuokoa mikindu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini na viatu vya matope. Alikusanya majani ya mikindu kutoka msitu wa mvua, ambako kitalu kilikuwa, na kutoka msitu wa ukame, akayapima maabara, kisha akaja kumweleza Ng'oa alichokiona. Walisimama chini ya wavu wa kivuli.

"Huku kwenye maji mikindu ni mingi, lakini ni ndugu watupu," alisema. "Ni ukoo mmoja uliojaza mtaa. Kule kwenye ukame vichaka ni vichache, lakini kila kimoja kina damu yake. Kimoja kinavumilia chumvi, kingine kinavumilia kiu, kingine hata sijui kinavumilia nini. Nahitaji vyote."

"Sawa, Daktari."

"Mbegu zitoke kule kule, kila kichaka kinachozaa, hata kile kinachotoa kiganja kimoja. Na humu kitaluni usichague. Umenisikia? Mche mrefu, mfupi, uliopinda, yote inatoka."

"Hata uliopauka?"

"Hata uliopauka. Hujui kama si huo utakaobaki."

Ng'oa aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayempisha mkubwa njiani. Kuambiwa asichague ni sawa na kuambiwa apumue kwa masikio.

Daktari alikwenda pia ukweni kwake, akakaa na wasukaji, wakapatana. Wao wangeacha kukata kabisa mpaka miche mipya iwe imeona kiangazi mara mbili. Yeye angewaletea miche. Watu walikubali kwa shingo upande. Tangu siku hiyo mama mkwe alianza kusuka vikapu kwa mikanda ya plastiki, ile ya kufungia mizigo inayookotwa nyuma ya maghala. Mikanda ile ina makali. Jioni alikaa na vidole vyake ndani ya bakuli la maji ya chumvi, na hakumlalamikia mtu.

Wa kukusanya mbegu alikuwa mwanawe wa kiume, kaka wa mke wa Ng'oa. Huyo walimwita Taratibu. Ukimsalimia asubuhi, alikujibu ukiwa umeshapita. Alizunguka msitu ule kiangazi kizima, akapanda vichaka vyenye miiba ya urefu wa sindano, akarudi na mbegu za kila kichaka kinachozaa, kila kimoja kwenye kitambaa chake. Mikono yake ilikuwa imechorwachorwa kama daftari la mtoto. Mradi ukamwajiri azilinde kitaluni, akalala kwa dada yake, kwenye chumba cha stoo, kati ya magunia.

Mbegu ziliota, lakini ziliota kama alivyo yeye. Nyingine zilitoka mapema, nyingine zilikaa chini mpaka watu wakasema zimeoza, kisha zikatoa jani moja jembamba na kusimama hapo, kama mgeni asiyejua kama amealikwa. Tuta la Daktari likawa ndilo tuta la kichekesho. Kila kichaka kilikuwa na kijiti chake cha rangi, na wafanyakazi walikuwa wakipita wakisema, "Maua yameshachanua, bado majani."

Ng'oa alivumilia. Aliweka tuta lile nyuma kabisa, karibu na choo. Kisha ikaja habari kwamba mkubwa wa mradi atapita na wageni wake kuangalia mikindu ya ukame, na kwamba mikindu hiyo iwe mstari wa kwanza.

Aliwaita wafanyakazi watatu, wanawake wa kumwagilia, na shemeji yake. Akasimama mbele ya tuta. Akaugusa mche wa kwanza kwa buti.

"Taratibu. Ng'oa."

"Shemeji," Taratibu alisema baada ya kitambo, "Daktari alisema..."

"Daktari anakaa wapi?"

"Mjini."

"Na mimi nakaa wapi?"

Taratibu aliutazama mche.

"Nakaa hapa. Na barabara inapita hapa. Ng'oa."

Taratibu alichuchumaa, akaushika mche kwenye jani lake jembamba, akavuta. Haukuja. Mzizi ulikuwa umetoboa kiriba na kuingia kwenye ardhi ya chini. Akachimbua kwa vidole, akavuta tena. Juu palikuwa na jani la urefu wa kidole. Chini mzizi ulitoka, ukaendelea kutoka, mweupe, mgumu, urefu wa mkono wa mtu, kisha ukakatika na kipande kikabaki ardhini.

"Lo!" Ng'oa alicheka. "Mkia mkubwa kuliko ng'ombe!"

"Umefanana na aliyeuleta," alisema mmoja wa wanawake, yule mwenye mdomo. "Juu hakuna kitu. Chini huko hatujui."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Taratibu naye alitabasamu kidogo, kwa kuwa mtu anayechekwa kila siku hujifunza kuchangia.

Ng'oa aliuokota mzizi ule akaupima kwenye mkono wake, kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko na kupita. Alielewa. Hilo lisemwe wazi, asije mtu akamtetea kwa ujinga. Alikuwa ameshika miche maisha yake yote, na alielewa kwamba mche huu haukuwa mvivu, ulikuwa unatafuta maji kabla ya kujionyesha. Alielewa, kisha akageuka akatazama barabarani, akautupa chini.

"Wote wa namna hii," alisema. "Ng'oa."

Taratibu aling'oa wanawe, maana ndivyo alivyokuwa akiwaita. Alipofika katikati ya tuta aliomba jambo moja.

"Shemeji, basi niruhusu niipeleke nyumbani. Nikaifukie kule kule. Pengine mmoja mmoja utashika."

"Ili watu waseme kitalu changu kinatoa vilema?"

"Hawatajua inatoka wapi."

"Taka za kitalu hazitoki kitaluni. Shimoni."

Ikatupwa kwenye shimo la taka na kumwagiwa chokaa. Hata ile michache iliyokuwa imerefuka kidogo ilikwenda nayo, kwa sababu ikibaki peke yake yangeonekana mapengo.

Mapengo hayo Ng'oa alijua atayajaza na nini. Nyuma ya tangi la maji palikuwa na kichaka kimoja cha mkindu kilichonenepa kwa maji yanayovuja. Kilizaa mikungu mpaka ikagusa ardhi. Kila mwaka aliotesha mbegu za kichaka kile kwa ajili ya watu wa kupamba bustani, na wakati huo alikuwa na matuta kadhaa ya miche, ya kijani, imelingana kama askari kwenye gwaride. Akaamuru ihamishwe yote mbele. Vile vijiti vya rangi akavichomeka mwenyewe, kimoja baada ya kingine, kila mahali palipokuwa na kijiti.

Alipomaliza alimvuta Taratibu pembeni.

"Dada yako anakula kwangu. Wewe unakula kwangu. Mama yako akiugua, dawa zinatoka wapi?"

"Kwako."

"Haya. Sasa nenda kaseme."

Taratibu hakwenda kusema. Alikwenda kunawa mikono, akanawa muda mrefu.

Jioni ile mezani Ng'oa alikuwa na furaha. Alimega, akatafuna, akamwambia mkewe huku akicheka, "Leo kaka yako kazika watoto wake wote kwa mkono wake. Muulize."

Mke alimtazama kaka yake. Kaka alikuwa anatazama sahani.

"Watoto gani?" mke aliuliza.

"Ile miche yake ya njaa. Nimemwekea mingine. Tena mizuri! Mama yako akiiona atanipigia magoti."

"Daktari anajua?"

"Daktari anataka mafanikio. Mafanikio nimempa. Niongezee mchuzi."

Mke akamwongezea mchuzi. Hilo nalo lisemwe.

Mkubwa wa mradi alipita. Gari lilipunguza mwendo, kioo kikashuka, mkono ukatoka na kidole gumba juu. Daktari alikuja siku iliyofuata, akasimama mbele ya tuta, akakunja uso.

"Mbona imelingana hivi?"

"Mbolea, Daktari. Na mkono."

Alimtazama Ng'oa, akatazama vijiti, akatazama miche. Mradi wake ulikuwa umebakiza fedha za msimu mmoja, na wakubwa walikuwa wameshaanza kuuliza maswali. Alikuwa mwanamke mwenye akili. Siku hiyo akili aliiacha kwenye gari.

"Hongera," alisema.

Mvua za kwanza zilipoanguka upande wa ukame, miche ilipelekwa kwa lori. Watu wote wa ukweni walitoka kupanda, wakubwa kwa wadogo. Hawakuwahi kuona mikindu ya namna hiyo, mashina kama vidole gumba, majani yanang'aa. Mama mkwe aliushika mche mmoja kwa mikono yake yenye makovu ya plastiki, akaugeuza huku na huku, kisha akamwita Ng'oa mbele za watu.

"Mkwe wangu, njoo hapa."

Ng'oa akaenda.

"Siku ile nilikuuliza una mti gani. Unakumbuka?"

"Nimesahau, mama."

"Mwongo. Hujasahau, na mimi sijasahau. Leo nalitengua swali langu. Miti yote hii ni yako."

Wanawake wakapiga vigelegele. Ng'oa alisikia ule mwiba wa kooni ukishuka tumboni na kuyeyuka. Macho yalimlowa. Angeweza kufa pale pale akiwa mtu mwema.

Msukaji mmoja akapaza sauti: "Basi mkwe, utuambie. Hii ikiwa imesimama namna hii, ile ya zamani bado tuogope kuikata? Watoto wamechoka kulala njaa na mikono yetu imeisha kwa mikanda ya plastiki."

Daktari hakuwepo, alikuwa amerudi mjini na lori. Watu wote walimtazama Ng'oa, na yeye aliwatazama. Ukimsifu mtu ambaye hajawahi kusifiwa, usishangae akikupa hata kisicho chake.

"Kateni," alisema. "Hii hapa itawafunika. Mtakuwa mnajikwaa kwenye ukindu."

Nyuma ya watu, Taratibu alifungua mdomo. Kwa jinsi alivyokuwa, neno lilipokaribia kutoka, watu walikuwa wameshaanza kuimba.

Wakakata. Walikata kama watu waliofunga muda mrefu wanavyokula. Mikeka ilirudi, wanunuzi walirudi, mama mkwe alitupa mikanda yake ya plastiki motoni na moshi wake mweusi ukawafanya watoto wakohoe kwa furaha. Kwenye vichaka vya zamani hapakubaki jani changa hata moja, na kila lililochomoza lilikutana na kisu.

Mvua zikakatika. Kiangazi kiliingia, wala hakikuwa kikali kuliko vingine. Miche ile ilikuwa imezoea kumwagiliwa asubuhi na jioni, mizizi yake imejikunja juu juu kama nywele. Ilikaa kijani, ikakaa, halafu ndani ya juma moja yote ikageuka rangi ya karatasi kuukuu. Watu walibeba maji kichwani kutoka mbali kuinusuru. Mama mkwe alibeba mpaka goti likavimba. Ilikuwa kama kumnywesha maiti.

Walipogeukia vichaka vya zamani wakakuta karibu vyote vimekauka vikiwa vimesimama. Vilikuwa vimekatwa koo, na kiangazi kikamalizia.

Daktari alikuja, akachukua majani makavu ya miche kutoka kila pembe, akayapeleka maabara. Aliporudi, watu walikutana uani kwa mama mkwe. Ng'oa na mkewe waliitwa. Taratibu alikuwa ameshafika, ameketi chini karibu na mlango.

Daktari hakuzunguka. "Miche yote ni ya mama mmoja. Na mama huyo si wa huku. Ni wa huko kwenye maji."

Uani pakaanza minong'ono.

"Hata ingekuwa ya kwenu," aliendelea, "mingi ingekufa. Lakini isingekufa yote. Miche kumi hapa, mitano pale, ile yenye damu ya kuvumilia, ingebaki, na hiyo ndiyo ingewazalia mingine. Ndiyo maana nilisema kila kichaka. Mtu alikusanya mbegu za kichaka kimoja, tena cha mbali, akaniambia ni za vyote. Nataka kujua ni nani."

Mkusanyaji alikuwa mmoja. Vichwa viligeuka kuelekea mlangoni.

"Mwanangu," mama alisema, "mbegu ulizitoa wapi?"

"Hapa, mama. Kila kichaka."

"Basi majani ya Daktari yanasema uongo?"

"Hapana." Akatafuta maneno, akayapata, yakamponyoka, akayatafuta tena. "Muulizeni shemeji. Yeye ndiye... zilipoota... aliniambia ning'oe."

Macho yote yakahamia kwa Ng'oa.

Ulikuwa ndio wakati wenyewe, na haukuwa mrefu. Ng'oa aliona mambo mawili kwa pamoja. Aliona mzizi mweupe mkononi mwake, na aliona uso wa mama mkwe, ule uliomwambia miti yote ni yako, ukimsubiri. Neno la kweli lilikuwa moja tu. Angelisema, angerudi kuwa kijana anayemwagilia miti ya watu, na safari hii hata kicheko asingekipata.

"Mimi nilipanda nilicholetewa," alisema.

"Shemeji!" Taratibu alisimama.

"Kaa chini, ndugu yangu. Mtu akizama hushika hata mguu wa aliye ufukweni." Akawageukia watu. "Msitu mnaujua. Miiba mnaijua. Na huyu mnamjua. Nyuma ya tangi letu kuna mkindu umezaa mpaka chini, huhitaji hata kupanda. Ningekuwa mimi ni yeye, labda nami ningeokota hapo. Namlaumu, ila namuelewa."

Hiyo *namuelewa* ndiyo iliyomuua. Watu walitikisa vichwa. Ilikuwa hivyo kweli, mtu mzito wa kutembea, mzito wa kusema, kwa nini asiwe mzito wa kazi? Michubuko ya mikono yake ilikuwa imepona siku nyingi.

Daktari alimkazia macho Ng'oa. "Zilipoota, nilikuja nikaziona. Zilikuwa ndogondogo, hazilingani."

"Na baadaye ulikuja ukaziona zimelingana, ukasema hongera," Ng'oa alimjibu kwa upole.

Daktari alifunga mkoba wake.

Taratibu alimtazama dada yake. Alikuwa amebaki yeye tu. Yeye alikuwa amesikia kwa masikio yake, mezani, mchuzi ukiwa bado wa moto. Alimtazama bila kusema kitu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake kuchelewa kwake kusema hakukuwa na lawama, kwa sababu hakukuwa na la kuongeza.

Ng'oa naye alimtazama mkewe. Hakumkunjia uso. Alimchukua mtoto mdogo kutoka miguuni pake, akampakata.

Mke akainamisha kichwa.

Mama alisimama kwa shida, goti lile halijanyooka. "Mimi nimebeba maji kichwani kumwagilia uvivu wako," alimwambia mwanawe. "Toka. Na nikifa, usishike hata chepe la udongo wangu. Wanizike wengine."

Taratibu alitoka kwa mwendo wake ule ule. Watoto walimtupia takataka na mabua, na hakukimbia, pengine kwa kuwa hakujua namna.

Walipofika nyumbani, mke wa Ng'oa aliwalaza watoto, akakaa kitini jikoni.

"Baba watoto."

"Naam."

"Kesho turudi. Useme."

"Niseme nini? Wameshasahau. Watu wakishapata wa kumlaumu, wanalala."

"Ni kaka yangu."

"Na mimi ni mume wako, na hiki ni chakula cha watoto wako. Wewe ulikuwepo. Ulikuwa na mdomo. Mbona hukusema?"

Ng'oa hakungoja jibu. Alikwenda kulala, na alilala vizuri.

Mke alikaa kwenye ndoa ile mpaka msimu wa mvua uliofuata, akimtengea chakula na kumfulia, bila kumuita kwa jina lolote. Asubuhi moja aliwachukua watoto akaenda kwao. Alimwambia mama yake kila kitu, akiwa amepiga magoti, kuanzia buti hadi mchuzi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatuma watu wawili wamtafute Taratibu. Walisikia amekwenda kutafuta kibarua machimboni, wakamtafuta machimbo kwa machimbo. Kwenye machimbo ya kokoto waliambiwa ndiyo, alikuwepo, mtu mmoja mpole, mzito. Ukingo ulikuwa umeporomoka. Wenzake walipiga kelele, wote wakaruka. Yeye aligeuka kutazama kelele ni za nini. Walimzika wao wenyewe, pale pale, bila kujua wa kumpelekea habari.

Ng'oa yuko kitaluni hadi leo, na mstari wa kwanza umenyooka. Hakufukuzwa, hakushtakiwa, hakukatwa hata siku moja ya mshahara. Mwenye kumwita mume hana, wala mwenye kumwita baba. Ukweni hakanyagi. Mradi ulifungwa, na Daktari alihamishiwa kwenye mimea mingine. Mama mkwe amerudi kwenye mikanda ya plastiki, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki tena. Mkeka wa ukindu wa kule hausukwi, na wasichana wanaokua sasa hawajui kuanza ukili.

Kati ya vichaka thelathini na kimoja, ishirini na tisa vimekufa, kila kimoja na damu yake ambayo haiko pengine popote. Mkindu una dume na jike, na jike ndilo linalozaa. Viwili vilivyobaki ni madume.